Kinga ya mchwa nyumbani: ununue nini kwanza, nini kifuate, na nini ukiache dukani

Fedha ya kuzuia mchwa inafanya kazi kubwa kuliko zote siku moja tu ya ujenzi: kifusi kimeshashindiliwa ndani ya msingi na jamvi, yaani zege la sakafu, bado halijamwagwa. Siku hiyo ikipita, kazi ileile itadai kutoboa sakafu, na utalipa zaidi kwa kinga pungufu. Ndiyo maana orodha yangu inaanzia chini ya jamvi.

1. Dawa ya udongo

Chagua yenye fipronili au imidaklopridi. Mchwa hawazitambui: wanachimba na kupita humo humo, zinawashika mwilini, nao wanawaambukiza wenzao kabla hawajafa. Bifenthrini naiweka nyuma kidogo. Inadumu udongoni, ila mchwa wanaihisi na kuizunguka, hivyo upenyo wa kidole uliokosa dawa unawatosha kuingilia. Saipamethrini ibaki kwa mende. Msingini nguvu yake inaisha mapema.

Klorpairifosi imezoeleka sana, na harufu yake watu huichukua kama ushahidi wa ukali. Mwaka 2025 iliingizwa kwenye Mkataba wa Stockholm, uleule uliozipiga marufuku aldrini na dieldrini zilizokuwa zikimwagwa misingini zamani. Humo ndani watalala watoto. Mimi siinunui.

Pamoja na hayo, wengi wanapoibiwa ni kwenye lita. Kipimo cha majengo ni karibu lita 5 za dawa iliyokwisha kuchanganywa na maji kwa kila mita ya mraba. Chumba cha mita 3 kwa 4 kinameza lita 60. Bomba la mgongoni la kupulizia dawa lina lita 16 hivi, kwa hiyo chumba hicho kimoja kinataka karibu mabomba manne. Fundi akija na bomba moja, akapuliza nyumba nzima kama anayepulizia nyanya na kumaliza kabla ya chai ya saa nne, hapo hujawekewa kinga. Simama uhesabu mabomba, na dawa ichanganywe mbele yako kutoka chupa iliyofunguliwa ukiona.

Kandokando ya kuta za msingi kichimbwe kifereji, kimwagiwe lita 5 kwa kila mita ya urefu kwa kila sentimita 30 za kina. Mabomba ya maji na ya choo yanapotokeza kwenye jamvi, fundi aongeze dawa pale, maana zege huacha upenyo kuzunguka bomba, na mchwa hupandia hapo. Nailoni itandikwe siku hiyohiyo, mvua isije ikaiosha kazi yote. Nailoni yenyewe ni ya kuzuia unyevu. Mchwa wanaitoboa, asikuuzie mtu kama kinga.

Dukani soma lebo: jina la kemikali, asilimia yake, na namba ya usajili wa mamlaka ya viuatilifu, yaani TPHPA kwa Tanzania au PCPB kwa Kenya. Ikitaja mazao tu bila mchwa wa majengo, irudishe rafuni. Iliyohamishiwa chupa ya maji ya kunywa usiiguse. Kama una kisima karibu na msingi, mweleze fundi mapema: fipronili ni sumu kali kwa samaki na nyuki, haifai kufika majini.

Kuna na kazi isiyo na bei. Kabla ya kifusi, ng'oa visiki na uokote vipande vyote vya mbao na mirunda. Mabaki hayo yakizikwa chini ya sebule, umewawekea mchwa akiba.

2. Mbao za dawa kwa kenchi za paa

Paini bila dawa ni chakula. Nunua iliyoshindiliwa dawa kiwandani kwa mgandamizo. Dawa ya shaba, kromiamu na aseniki huipa mbao rangi ya kijani. Lakini kijani cha nje kinaweza kupakwa kwa brashi. Omba kipande kikatwe kwa msumeno, sentimita kadhaa kutoka kwenye ncha. Kama kijani ni ngozi tu na ndani ni kweupe mpaka ukingoni, ilichovywa. Iliyoshindiliwa vizuri, kijani kimeingia ndani kuzunguka kipande chote, hata kama katikati pamebaki peupe.

Kila mahali fundi anapokata papi (mbao za kupigilia bati) au mbao za kenchi, ncha ipakwe dawa upya. Na nakuomba hili ulisimamie mwenyewe: mabaki ya mbao hizo yasipikiwe. Mama lishe wa saiti huyaokota kwa sababu ni makavu na yanawaka vizuri, na moshi na majivu yake vina aseniki. Mnunulie mkaa.

3. Kutoboa na kuingiza dawa

Hii ni ya nyumba iliyokwisha kujengwa. Matundu yanatobolewa sakafuni kando ya ukuta, kila baada ya sentimita 30, dawa inaingizwa, yanazibwa kwa saruji. Tumia fipronili au imidaklopridi hapa pia. Kwa aliyehamia na kukuta njia za udongo ukutani, hii ndiyo namba moja yake.

Ila kwanza angalia unachokiona. Pwani, ukikuta chembe ngumu kama mchanga zikidondoka kutoka kabatini, na hakuna udongo popote, huyo ni mchwa wa mbao kavu. Anaishi ndani ya mbao yenyewe. Kutoboa sakafu hakumgusi. Tibu au ondoa kabati.

4. Fremu za chuma, alumini na mbao ngumu

Zinaokoa milango na madirisha, basi. Mchwa watapita pembeni wakale karatasi ya gipsamu na nguo kabatini. Ukinunua mninga, mvule au msaji, lipia kiini. Sehemu nyeupe ya nje huliwa kama mbao nyingine.

5. Oili chafu, chumvi na majivu

Oili chafu inasaidia nguzo ya uzio kwa muda. Kwenye msingi haina kazi, ina metali nzito, na inachafua maji ya ardhini. Chumvi inayeyuka na mvua, na zege na nondo haziipendi. Kuchimba kichuguu hadi kwa malkia kunafaa kabla ya ujenzi, ila wapo mchwa wasiojenga kichuguu kabisa, kwa hiyo hata ukimpata, dawa ya udongo iko palepale.