Mwaka mzima na wapima maji: kiwanja changu kilichokuwa sheli

Kiwanja nilichonunua Temeke, Dar es Salaam, zamani kilikuwa na sheli. Matangi yake ya chini ya ardhi yalikuwa yameshang'olewa, lakini benki ilikataa kunikopesha fedha za ujenzi mpaka nioneshe kwamba maji ya ardhini hayana mafuta. Nikaajiri kampuni ya ushauri wa mazingira kwa mkataba wa mwaka mmoja, ichimbe visima vinne vya uchunguzi na kuvipima kila baada ya miezi mitatu. Haya ninayaandika baada ya kupokea ripoti ya nne.

Kazi yao ya mikono sina neno nayo. Kabla ya kuchota chochote walishusha kipimo cha waya ambacho hulia kwa namna moja kikigusa mafuta na kwa namna nyingine kikigusa maji, wakaandika kina hadi milimita. Kisha pampu ndogo ikavuta maji polepole, chini ya nusu lita kwa dakika, huku fundi akisoma joto, kiwango cha asidi na uwezo wa maji kupitisha umeme, na hakujaza chupa mpaka namba hizo zilipotulia. Nilidhani anapoteza muda. Kumbe maji yaliyolala bombani hayafanani na yaliyomo mchangani, na ukiyakoroga, benzini inayotafutwa, kemikali yenye sumu iliyomo kwenye petroli, hupotelea hewani. Chupa zenyewe ni za mililita 40, zenye asidi kidogo ya kuhifadhi sampuli, nazo hujazwa hadi ukingoni na kupinduliwa ili kuona kama kimebaki kipovu. Zilisafirishwa ndani ya deli lenye barafu, pamoja na chupa moja ya maji safi ambayo haikufunguliwa safari nzima, ili hiyo nayo ikionekana na benzini ijulikane kwamba uchafu umeingia njiani.

Tatizo lilikuwa kisima cha tatu, kilichokuwa karibu zaidi na yalipokaa matangi. Aprili, katikati ya masika, maabara iliandika mikrogramu 7 za benzini kwa lita, wakati mwongozo wa Shirika la Afya Duniani kwa maji ya kunywa ni 10. Julai ikawa 9. Mimi nilikwisha kuanza kutafuta fundi wa msingi. Oktoba, kabla mvua za vuli hazijaanza, kipimo kikalia mlio wa mafuta: sentimita 4 za petroli zilikuwa zinaelea kisimani.

Petroli haikumwagika upya. Kwa kuwa ni nyepesi kuliko maji, huelea juu yake, hivyo sehemu ya bomba yenye matundu inapaswa kuchukua nafasi yote ambayo maji hupanda na kushuka kwa mwaka. Wao waliyaanzisha matundu kwenye kina cha mita 3, ilhali Aprili maji yalikuwa mita 2.1 na Julai mita 2.7, kwa hiyo mafuta yaliishia kugota kwenye bomba lisilo na tundu. Maji yaliposhuka hadi mita 3.4 ndipo mafuta yakapata mlango. Mama jirani, mwenye kisima cha miaka mingi, angewaambia bure maji ya mtaa wetu hupanda hadi wapi, lakini hawakumuuliza. Kampuni ilichimba kisima kingine kwa gharama yake, ingawa ilinilazimu kuandika barua mbili.

Kisima cha huyo mama nacho kilipimwa kwa sababu nilisisitiza, baada ya vina vya visima vyetu kuonesha kwamba maji ya ardhini yanaelekea kwake. Alikuwa akisema maji yake hayanuki, ila kwa viwango hivi vya benzini pua haisaidii kitu. Maabara haikukuta benzini. Majibu hayo nilimtafsiria mwenyewe, maana ripoti zao ni za Kiingereza kitupu na hazina hata mchoro mmoja unaoweka kina cha maji na kiwango cha benzini pamoja, mchoro ambao ungenishtua tangu Julai.

Ninawapa nyota tatu kati ya tano. Nimewaongezea mkataba wa mwaka wa pili, kwa sharti kwamba mchoro wa kila kisima kipya niuone kabla bomba halijashushwa.