Gofu ya simu: upige kwa hesabu au kwa jicho?

Hapa Mwanjelwa, Mbeya, gofu ya simu huchezwa jioni, bando likiruhusu, na ubishi ni uleule: nguvu ya pigo uipime kwa hesabu au kwa jicho?

Mimi ni mtu wa hesabu. Fimbo ikifika yadi 200 kwa nguvu yote, na shimo liko yadi 150, nasimamisha upau wa nguvu pale kwenye kioo kwenye asilimia 75. Ila hapo ndipo wengi huumia, maana mpira ukitua bado unabingirika. Kwa fimbo ndefu napunguza yadi kadhaa. Kwa fimbo fupi inayorusha juu, mpira hauendi mbali na ulipotua. Shimo likiwa mlimani naongeza, bondeni napunguza, kwenye nyasi ndefu naongeza tena. Na upepo wa usoni hula umbali mwingi kuliko ule unaopewa na upepo wa mgongoni. Kichwa kinauma, sikatai.

Jicho ni la haraka. Kwenye vile visukumo vya yadi tatu nne, vya kuubingirisha mpira hadi shimoni, sihesabu kitu, kidole kinajua chenyewe. Lakini badilisha simu, upate kioo kidogo zaidi, uone jicho lilivyopotea!

Kuna jamaa anadai Mbeya tupunguze nguvu kwa sababu tuko juu, mita 1,700 hivi, hewa nyepesi. Kwa mpira halisi ana haki, huko unaruka mbali zaidi. Simu, ndugu yangu, haijui umekaa wapi.