Uzoefu wangu: siku 6 kwa miguu, Sandakphu mpaka Phalut (vilele viwili vya Himalaya, India)

Jamani naandika hii kwa sababu mimi nilipokuwa natafuta maelezo kwa Kiswahili sikupata kitu kabisa, na najua Wabongo na Wakenya tunaosoma huku India ni wengi na likizo zinaisha tukiwa tumelala hosteli. Mimi nilienda likizo ya Diwali, mwezi wa 11, anga ikiwa safi. Treni mpaka New Jalpaiguri, af gari za kuchangia mpaka Darjeeling, halafu Manebhanjang ambapo ndo njia inaanzia.

Lazima uchukue mwongozaji pale Manebhanjang, hauruhusiwi kuingia hifadhi ya Singalila peke yako, na kwa kweli hiyo hela usiionee uchungu. Wetu alikuwa mtu mzima, tulimwita dai yaani kaka kwa Kinepali, na kuanzia mlima wa kwanza kazi yake ilikuwa kutuambia "bistarai, bistarai". Nikamuuliza maana yake nini, kumbe ni polepole! Mimi nimezaliwa Marangu, chini ya Kilimanjaro, nimekua nasikia wapagazi wanawaambia wazungu pole pole, nikajisikia niko nyumbani palepale.

Njia inatembea juu ya mgongo wa mlima kwenye mpaka wa India na Nepal, unalala Nepal unakunywa chai India, kila baada ya mwendo kuna wanajeshi wanakagua pasipoti na kuandika kwenye daftari kwahiyo pasipoti na viza viwe karibu sio chini kabisa ya begi. Usiku wa kwanza tulilala Tumling. Mama mwenye loji akatuletea tongba, pombe ya moto ya huko, inakuja kwenye chombo kirefu cha mbao chenye mrija, anamimina maji ya moto unasubiri kidogo unavuta. Nikafunua mfuniko nichungulie ndani nikaona punje nyekundu nyekundu zimevimba, nikazisaga kwa kidole, aisee ni ulezi! Ulezi uleule bibi yangu anaotengenezea mbege. Nilivyomweleza yule mama kwa msaada wa dai alicheka akaniongezea maji ya moto mara tatu bila kunidai, na ile thukpa (supu ya tambi) tuliyokula nayo ilikuwa tamu mpaka kijiko cha mwisho.

Siku ya pili mpaka Kalipokhri ni panda shuka kwenye mianzi na miti ya rhododendron (maua yake ni mwezi wa 4 na wa 5, sisi tulikuta majani tu), siku ya tatu ni kilomita 6 tu kwenda Sandakphu lakini zile za mwisho ni mlima wa kweli. Sandakphu ni mita 3,636, kwa wanaojua Kilimanjaro ni chini kidogo ya Horombo, kwahiyo kichwa kinaweza kuuma, kunywa maji na usikimbie.

Sasa asubuhi yake. Tulitoka saa 11 na nusu, ndoo ya maji nje imeganda juu, vidole havikunjiki, na giza. Kwanza ncha moja tu ya Kangchenjunga ikawa ya waridi, kama mtu amewasha kibiriti kule juu, af rangi ikashuka taratibu mpaka mlima mzima wa mita 8,586 ukawa dhahabu, na kushoto mbali kabisa Makalu, Lhotse na Everest. Yaani umesimama sehemu moja unaona milima minne kati ya mitano mirefu kuliko yote duniani. Nililia, na dada mmoja wa Kibengali pembeni yangu alikuwa analia pia, hatukusemeshana.

Wengi wanaishia hapo, wengine wanapanda kwa gari kabisa, bado kuna Land Rover za zamani za miaka ya 1950 zinapanda zile kona. NAWAOMBA msiishie hapo. Sandakphu kwenda Phalut ni kilomita 21, siku nzima, nyasi za dhahabu pande zote mbili na theluji mbele yako muda wote, masaa matatu mazima hatukukutana na mtu. Hiyo ndo siku niliyoipenda kuliko zote. Halafu Phalut unashuka kilomita kama 15 kwenye msitu mpaka Gorkhey, kijiji bondeni, nyumba za mbao na mto unapita katikati, magoti yanawaka moto ila unalala kama mtoto. Siku ya sita tukatokea Srikhola.

Kilichoniudhi: slipingi begi (begi la kulalia). Niliikodi mjini kwa wakala mmoja, aliniapia ni ya baridi kali, kufika Kalipokhri zipu ikaachia na kwa ndani pamba imekusanyika miguuni. Kama sio mablanketi mazito ya loji ningeumwa. Kagua kabla hujalipa, ilaze chini, ifungue na kuifunga yote. Pia beba keshi ya kutosha siku zote, glavu, na tochi. Msiende katikati ya mwezi wa 6 mpaka katikati ya mwezi wa 9, hifadhi inafungwa kwa mvua.

Njia 5/5, dai 5/5, yule wakala 1/5. Mwezi wa 4 narudi kuyaona yale maua, nimeshamwambia dai.