TAHADHARI: Muuza darubini za bunduki Kariakoo

Ndugu zangu wa shabaha, someni kabla hamjatoa pesa. Kuna kijana anauza darubini za bunduki Kariakoo, ghorofani, upande wa Mtaa wa Kongo. Amenila laki nne na nusu. Naandika kwa hasira na kwa aibu, maana mimi ndiye niliyekuwa nawakataza wenzangu kununua kitu bila kukijaribu.

Bunduki yangu mnaijua, ile Ruger 10/22 ya risasi ndogo za .22, ya kutenganishwa vipande viwili: mtutu unatoka, unabaki mwili wa bunduki. Nikasema basi, naitafutia darubini. Nikaingia kwake saa tano asubuhi. Shikamoo, kiti, maji baridi. Nikamtajia aina ya bunduki, na kabla sijamaliza akadakia: "Hiyo ilitoka 2012, mzee wangu. Shida yake, darubini inakaa kwenye mtambo, yaani huo mwili wa bunduki, halafu mtutu unatoka. Kiungo kikilegea kidogo tu, risasi haziendi ulikolenga. Zile alama za chuma za kulengea zote mbili ziko kwenye mtutu wenyewe, ndiyo maana hazikusumbui." Kila neno la kweli! Akaniuliza kama huwa naikaza ile ringi ya kwenye kiungo. Mtu anayeijua ringi ile utamtiliaje shaka? Mafundi wawili walioshika bunduki yangu hawakuijua.

Akaitoa darubini kwenye boksi, akafuta kioo kwa kitambaa, akanisogeza dirishani. Nikaona bango la duka la vitenge ng'ambo ya barabara, nikasoma hadi namba ya simu iliyoandikwa chini kwa rangi. Akasema hii hata ufungue mtutu mara mia haitapoteza shabaha. Nikataka kuzungusha kidude cha kurekebishia, akanishika mkono taratibu: "Usiguse mzee wangu, imeshapimwa kiwandani." Kidole kilikuwa tayari juu ya kidude. Nikakiondoa. Nikatuma pesa palepale, na nikamshukuru!

Jumamosi, mita 50, risasi tano za kwanza sawa. Nikazungusha kidude kli kumi kwenda kulia (kli ni ile hatua moja ndogo inayolia "kli" ukizungusha). Darubini ya aina ile, kli moja kwa umbali huo inasogeza tundu kama milimita 3 na nusu, kwa hiyo nilitegemea sentimita 3 na nusu. Halikusogea hata kidogo. Risasi iliyofuata ikaruka upana wa kiganja. Kufika ya ishirini, msalaba wa kulengea ndani ya darubini umelala upande. Na hii ni 22, jamani, bunduki isiyo na teke la maana.

Nikampigia. Akajibu bila haya: "Mzee wangu, bunduki za vipande ndivyo zilivyo, hazina shabaha." Hapo ndipo aliponiumiza kuliko pesa, kwa sababu nilimwamini mara ya pili. Wiki nzima nafungua, nafunga, nakaza ringi, nasafisha, naishuku bunduki isiyo na kosa. Hadi kaka yetu, yule wa Tabata, aliponiazima darubini yake. Tukatoa mtutu na kuurudisha mara tatu, risasi tano kila mara. Matundu yote 15 unayafunika kwa mdomo wa kikombe cha kahawa.

Kwa hiyo alijua tangu mwanzo. Ule ubaya unaosemwa kuhusu bunduki za vipande ndiyo kinga yake: anautumia kukuuzia, na kitu kikiharibika anautumia kukufukuza. Mtu wa namna hii afungwe, si kupigwa faini. Duka lifungwe, mwenye jengo naye aulizwe anampangisha nani. Nilirudi kudai changu, akanitolea sauti mbele ya wateja, mimi mtu wa umri wa baba yake.

Nilivyopaswa kuviona: jina lililotokea kwenye simu wakati natuma pesa halikuwa lake. Risiti ya EFD aliniambia mashine imekufa. Boksi lina stika iliyobandikwa juu ya stika nyingine. Na huko kukataza kugusa kidude. Kama muuzaji hataki ukizungushe na kusikia kli zake, ondoka.

Nimeshafungua jalada, RB ninayo. Polisi wanasema malalamiko yakiwa zaidi ya moja kesi inasogea. Aliyeuziwa na huyo kijana aje Jumamosi na boksi lake, stika asizibandue, tuondoke pamoja saa nne kwenda polisi.