Mfuko wa dharura: wangu wa Ahero na ule wa binamu wenye bastola

Binamu yangu aliyeko Marekani alinitumia picha ya sanduku la dharura la kampuni ya bunduki ya Smith & Wesson. Ndani kuna firimbi, dira, blanketi jembamba na bastola ya .500, risasi ya kuangusha dubu. Akaniuliza kama nalionea wivu.

Mimi nakaa Ahero, karibu na Kisumu, Kenya. Dubu hatuna, tuna Mto Nyando. Mfuko wangu wa dharura niliununua Kisumu kwa Sh3,800, bila bunduki, na mafuriko ya 2024 yaliupima vizuri. Tochi ya kuzungusha kwa mkono ndiyo iliyotuvusha hadi shuleni tulikohamia; betri za jirani zilikuwa zimelowa. Firimbi nayo ilimrudisha mama mkwe aliyekuwa amepotelea gizani na mbuzi wake wawili (mbuzi kwanza, ndio yeye!). Blanketi la karatasi ya fedha lilichanika usiku wa pili. Plasta mbili tu, na zipu ilikwama siku ileile nilipoihitaji.

Sasa hebu weka bastola humo. Darasa moja, familia tisa, watoto wanachokora kila mfuko wakitafuta biskuti. Tena hapa Kenya bila cheti cha Bodi ya Leseni za Bunduki unafungwa. Kwa mtu wa Alaska, kwenye dubu, anayevua samaki peke yake, sawa, anunue. Mimi nimeongeza dawa ya kutibu maji, nakala za vitambulisho kwenye nailoni, na kamba ya mita ishirini. Zipu nimempelekea fundi, Sh100.