Kilwa Kisiwani au Gede, uanze na wapi?

Hili swali naulizwaga sana, kwamba kama una nauli ya sehemu moja tu uende Kilwa Kisiwani, Tanzania, au magofu ya Gede kule karibu na Watamu, Kenya. Mi nasema Kilwa na sababu ninazo. Kilwa ilikuwa dola jamani, dhahabu ya Sofala, kule Msumbiji, ilipita mikononi mwao, walipiga sarafu zao wenyewe, yule msafiri Mmoroko Ibn Battuta alifika 1331 akausifia mji, halafu Wareno wakaja kuupora 1505. Unavuka na boti kutoka Kilwa Masoko, ukiingia Msikiti Mkuu unakuta matao na kuba, weka kiganja ukutani utasikia yale matumbawe yana vitundu vitundu kama sega la nyuki. Husuni Kubwa, lile jumba la sultani, ndo usiseme, kuna bwawa la kuogea la pembe nane, karne ya 14 hiyo!

Gede nayo ni habari nyingine kabisa. Iko ndani ya msitu, mizizi ya miti imekumbatia kuta, kuna kaburi limeandikwa mwaka 802 wa Hijria yaani 1399, na vyombo vya kauri vya China vimechimbuliwa humo. Kinachonishangaza mpaka leo, Wareno walikaa Malindi hapo jirani tu lakini huu mji hawakuutaja. UNESCO wameiingiza kwenye urithi wa dunia 2024 wakati Kilwa imo tangu 1981. Ila kufika Gede ni rahisi, huvuki bahari, kwa hiyo kama unaenda na wazee au watoto anza na Gede, watoto watafurahi na wale kima wanaorukaruka juu ya kuta.