Pilgrim ya Eric Clapton: nani aliwasha ile mashine?

Nimeisikiliza Pilgrim, albamu ya 1998 ya mpiga gitaa na mwimbaji wa Uingereza Eric Clapton, mwanzo mpaka mwisho na hasira hazijaniisha. Gitaa mzee analijua, hapo sina ubishi. Tatizo ni dramu. Dramu za kompyuta! Tki-ta, tki-ta, hazichoki, hazitoi jasho, hazikosei hata mara moja. Na cha ajabu, Steve Gadd, mpiga dramu hodari kabisa, yumo kwenye orodha ya wapigaji. Jamani, unamwita Steve Gadd halafu unawasha mashine?

Clapton huyuhuyu ndiye aliyetupa albamu ya From the Cradle mwaka 1994, bluzi tupu, bendi nzima ikipiga kwa pamoja studioni, karibu bila kuongezea kitu baadaye. Kufika 1998 kaungana na prodyuza Simon Climie, na kila kitu kimepigwa pasi.

Lakini kilichonitia wazimu kwenye Pilgrim ni wimbo wa Going Down Slow. Wimbo huo ni wa mwanabluzi St. Louis Jimmy Oden, wa tangu 1941. Mtu yuko hoi, afya imekwisha, anaomba aandikiwe barua kwa mama yake. Tafuteni alivyouimba mwanabluzi Howlin' Wolf kule Chicago, gitaa la Hubert Sumlin likimjibu neno kwa neno, mtajua ninachosema. Huku kwa Clapton mgonjwa wetu kawekewa mdundo wa kinanda cha ukumbi wa harusi. Mtu anakata roho, sisi tunatikisa mabega! Nilimlalamikia jamaa yangu mmoja anayerekodi vijana studio, akanicheka: "Mzee, wewe mshamba, hiyo ndiyo sauti inayouza." Iuze basi, lakini asiniambie ni bluzi. Hata tuzo ya Grammy aliyopata Clapton kwa wimbo wa kwanza wa albamu, My Father's Eyes, ilikuwa ya uimbaji wa pop. Waliompa walijua wanachokifanya.

Sasa hapa ndipo ninapojichanganya. Wimbo wa River of Tears, humo humo, unakwenda zaidi ya dakika saba, na gitaa linapoanza kulia mle ndani unasahau kuna mashine. Anaivuta noti moja, anaiachia polepole, anairudia kama vile hakuridhika nayo. Halafu kuna Circus, kuhusu jioni ya mwisho aliyompeleka mwanawe Conor kwenye sarakasi, kabla mtoto hajaanguka kutoka ghorofani New York mwaka 1991. Alikuwa na miaka minne tu. Mzazi wa namna hiyo utamkemea vipi kuhusu dramu?

Ila nitamkemea. Maneno mazito namna ile yalistahili mtu wa kuyapigia ngoma kwa mikono yake, akiyumba kidogo inapobidi.

Nilikuja hapa kutoa nyota moja. Natoa tatu, mbili zote ni za River of Tears, na nikikutana tena na ile Going Down Slow kwa bahati mbaya nazirudisha.